Uvimbe shingoni, mulikeni na mdomoni

Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana. Mjomba wangu ni fundi cherehani hapa Tanga, alianza kulalamika kola ya kanzu inambana, tukapapasa tukakuta tezi chini ya taya, ngumu kama kokwa na wala haiumi. Kituo cha afya akapewa antibayotiki, haikushuka, akapewa nyingine, baadaye wakasema ni TB ya tezi akaanzishiwa dozi bila mtu kuchoma hata sindano kwenye ule uvimbe akavuta kidogo kikapimwe. Miezi mitano ikakatika hivohivo. Na muda wote huo mjomba alikuwa anatafunia upande mmoja, pilipili kaacha kabisa, sisi tukajua uzee tu.

Kufika rufaa, dokta wa masikio pua na koo hakuanza hata na shingo, alimwambia toa ulimi, akausukuma kwa kijiti akamulika tochi, kidonda hichi hapa pembeni kwa nyuma! Wakakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe, majibu saratani, na ile tezi ndo saratani yenyewe ilishatoka ulimini ikahamia shingoni.

Dokta akanielewesha kwamba saratani za mdomo na koo zikianza kusambaa mara nyingi zinafikia kwanza kwenye tezi za shingo, zikiachwa zinashuka mapafuni, ndo maana alipigwa picha ya siti skani ya shingo na kifua kabla ya kupanga matibabu. Na meno mabovu aling'olewa kabla hajaenda Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar es Salaam, kwenye mionzi, kwasababu taya likishapigwa mionzi ukija kung'oa jino baadae mfupa unaweza kugoma kupona.

Sasa hivi amemaliza, mate yamemkauka, chupa ya maji haimtoki mkononi, wali bado unamshinda anakunywa uji.

Sisemi TB ya tezi haipo, ipo na inatibika. Ila jamani mtu mzima ana uvimbe shingoni zaidi ya wiki tatu, tena mtu wa ugoro miaka yote kama mjomba, au sigara na pombe, kweli anaandikiwa dawa bila kuambiwa afungue mdomo? Waganga wafawidhi naomba mlisimamie hili, tochi ya simu kila mtu anayo, na mkiona kidonda kisichopona au hamuelewi mpeni mgonjwa rufaa wiki hiyohiyo.

Msomaji wenu,
Tanga