Soko la zawadi lianze na bei, si hema

Mhariri,

Makanisa na vikundi vingi hapa Kisumu hupanga masoko ya zawadi za Desemba, yale ambayo sehemu ya mapato huwaendea wahitaji. Wengi hukimbilia hema na spika. Tungeshauri waanze na bei.

Kila bidhaa iwe na kibandiko kinachogawa pesa waziwazi. Kikapu cha shilingi 800, kwa mfano: msukaji 550, usafiri na meza 150, mchango 100. Msukaji alipwe angalau nusu ya pesa zake siku anapoleta mzigo. Akiambiwa angoje mauzo, basi yeye ndiye anayewakopesha waandalizi, na hiyo si biashara ya haki hata bango likisema hivyo.

Vikapu vya magugu maji vinataka jicho. Bua lisilokauka vizuri huota ukungu. Pindua kikapu, nusa kitako, bonyeza kwenye mshono. Kikiwa na unyevu, kirudi juani. Vinyago vya mawe ya Tabaka, Kisii, navyo huvunjika masikio na mikia: kila kimoja kifungwe kwa gazeti (la jana, Mhariri, usijali), na maboksi yasipandane zaidi ya mawili.

Mvua ya Kisumu hupenda alasiri, kwa hivyo soko lifunguliwe saa tatu asubuhi. Namba ya M-Pesa iwe moja, ya kikundi, si ya mweka hazina. Hesabu ibandikwe mlangoni jioni iyo hiyo, kabla hema halijashushwa.

Waandalizi wa masoko ya zawadi,
Kisumu