Barua ya wazi kwa Gavana wa Lamu: tupe mahali pa kupeleka mashtaka ya punda

Mheshimiwa Gavana,

Assalamu aleikum. Nakuandikia kuhusu punda, na najua wapo watakaosema kaunti ina mambo mazito kuliko hayo: maji, hospitali, usalama. Lakini hapa Amu, mji wetu wa Lamu, mambo mazito yenyewe hupita mgongoni mwa punda. Mchanga wa zahanati, saruji ya madarasa, magunia ya unga, vyote hupandishwa naye kutoka gatini, maana vichochoro vyetu havipitishi gari.

Fika gatini asubuhi wakati majahazi ya mchanga yanapakuliwa. Punda husimama msururu, shogi, yaani vikapu vya mgongoni, zimejazwa mpaka mchanga unamwagika. Juzi nilimtazama mmoja kwa karibu. Kamba ya nailoni iliyopita chini ya mkia ilikuwa imekula ngozi hadi nyama nyekundu ikaonekana, na nzi wamejaa. Aliyekuwa akimswaga ni mtoto ambaye saa ile alifaa kuwa darasani. Alikuwa akimchapa fimbo palepale penye kidonda, kwa kuwa amekwisha kujua kuwa hapo ndipo anaposikia uchungu. Fundi mmoja mzee akamshika mkono, akailegeza kamba, akakunja gunia kuukuu na kuliweka kati ya kamba na kidonda. Kisha akateremsha sehemu ya mzigo. Punda akaondoka bila kupigwa.

Nimeongea na vijana wa punda. Wengi wao si wenye punda. Hukabidhiwa, na jioni sharti wapeleke hesabu. Mwenye nyumba anataka mchanga ufike kabla ya adhuhuri, na bei imepatanwa kwa kazi nzima, si kwa safari. Kijana akitaka abakiwe na chochote, hana budi kupunguza safari kwa kuongeza mzigo. Kwa hivyo mateso mengi huanza pale watu wanapopatana bei, kabla fimbo haijainuliwa. Anayejenga ndiye mwenye uwezo wa kuyazuia mapema kuliko polisi yeyote. Akilipa kwa safari, akasema kila punda abebe mfuko mmoja wa saruji, atasikizwa, pesa ni zake. Mifuko miwili ni kilo 100, na punda wetu wa pwani ni wadogo wa umbo.

Na mjenzi mkubwa katika kaunti hii, Mheshimiwa, ni serikali yako. Zabuni zako zinaeleza ukubwa wa nondo na rangi ya milango. Ongezeni kifungu kimoja kuhusu mzigo wa punda na umri wa anayemswaga, na mkandarasi asiyekifuata asilipwe mpaka ajirekebishe. Hilo halihitaji kungoja Nairobi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za kaunti. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo inahesabu kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi kuwa makosa. Raia tunaambiwa turipoti. Turipoti kwa nani? Mkazi wa Matondoni au Kipungani akimwona punda amevunjika mguu na bado anabebeshwa, hana nambari ya kupiga. Tangu 1987 tumekuwa na kliniki ya punda hapa mjini, na imetibu punda wengi bila malipo. Ila mganga hutibu kidonda. Hawezi kumzuia mwenye punda kesho asikitoneshe.

Ninachoomba ni afisa mmoja anayejulikana kwa jina katika kila wadi, na nambari moja ya simu inayopokelewa. Wazee wa mitaa na wenye maduka ya gatini wako tayari kuwa macho yake. Wakati mwingi hatutahitaji kesi. Anayejua kwamba jirani anaweza kupiga simu na mtu akaja, hulegeza kamba mwenyewe. Wapo wanaoogopa kugombana na mwenye punda kwa kuwa ni ndugu au wanasali msikiti mmoja, na hofu hiyo naielewa kabisa. Afisa ataondoa ugomvi huo kati ya majirani.

Lipo jambo lingine ambalo ni letu sote. Jioni punda huachwa wajitafutie, na wanachokuta ni jaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini plastiki za kila aina bado zimo kwenye taka zetu, zimechanganyika na maganda ya matunda na makombo. Punda huyala yote pamoja, tumbo likaziba, akafa kwa maumivu makali. Kila nyumba ikitenga maganda mbali na plastiki, tutawaokoa wengi. Kaunti nayo ijenge mahodhi mawili matatu ya maji njiani kutoka gatini, maana wanashinda juani bila tone.

Sisi ni watu wa dini. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kugeuza migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani hata kukaa juu yake tukipiga soga bila haja. Naomba maimamu walitaje hilo kwenye hotuba za Ijumaa, hasa misimu ya ujenzi.

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Wa Lamu, basi, na waishi maisha yanayostahimilika.

Vifungu vya zabuni na mahodhi vitataka bajeti na vikao, tutangoja na tutahudhuria. Nambari ya simu haitaki hayo. Itangaze, nasi wakazi tutanunua rangi na kuiandika ukutani pale gatini, Shela na Mkunguni.

Wako,
Mkazi wa Langoni, Amu