Barua kwa mwanangu kuhusu jeli iliyokauka

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Picha za hadubini za jeli yako ulizonitumia nimezitazama hadi usiku wa manane, na siwezi kukuficha fahari niliyo nayo: chembe za silika, madini yale ya mchanga, zilizokuwa zikielea kila moja peke yake zimeshikana zikawa minyororo, na minyororo ikawa wavu. Hata hivyo, unasema makala inakwenda kwa wahariri wiki ijayo, na hukuandika popote jinsi ulivyoiandaa sampuli. Je, uliikausha?

Ndani ya hadubini ya elektroni mna ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na maji hayakai katika ombwe. Jeli ya koloidi, yaani wavu wa chembe ndogo mno ndani ya kimiminika, aghalabu ni maji kwa sehemu kubwa. Yanapokauka, mvutano wa uso wake huzikokota chembe na kuzibana pamoja, hata mchanganyiko ambao haukuwahi kuwa jeli ukaacha nyuma yake wavu wa kupendeza. Ripoti yangu ya zamani, ile niliyokunyima ulipoiomba, imejaa vishada nilivyovihesabu kwa uangalifu mkubwa, na vyote vilitokana na kukauka. Ilikwisha kuchapishwa nilipotambua, nami nikanyamaza.

Kwa hiyo nakusihi uchukue tabaka jembamba mno la jeli yako, uligandishe ghafla katika ethani kimiminika, kama mwanasayansi Jacques Dubochet na wenzake walivyofanya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili maji yawe kama kioo kabla fuwele za barafu hazijapata nafasi ya kuzisukuma chembe, kisha ulitunze chini ya nyuzi 140 za selsiasi chini ya sifuri mpaka umalize kupiga picha. Usifanye kazi hiyo katika chumba kilichofungwa, maana nitrojeni kimiminika unayopozea huchemka na mvuke wake hufukuza oksijeni bila harufu yoyote. Ukitaka kuiona jeli inapoanza kujengeka, tumia seli ya kimiminika, yaani kijichumba kinachoyafungia maji yasitoroke kwenye ombwe, yenye madirisha ya nitraidi ya silikoni. Lakini miale ya elektroni huvunja molekuli za maji na kubadili uasidi wake, na huenda ikawa ndiyo iliyozishikanisha chembe, wala si chumvi uliyoitia. Tazama basi mahali ambapo miale haijapita. Wavu ukiwapo na huko, nitaamini. Una mkono mtulivu kuliko wangu, ila una haraka, na hukuiokota mbali.

Kopo la rangi ulilotuachia kwa ajili ya chumba chako lilikuwa limeganda. Baba yako alitaka kulitupa, nikamkataza. Nilipoikoroga kwa kijiti ikatiririka vizuri, na asubuhi nikaikuta imeshikana tena. Nitaanza na ukuta wa dirishani, na vitabu vyako nimevifunika. Ile ripoti nimeiweka juu ya meza yako, uisome utakapokuja.

Usiipeleke makala kabla hujanijibu: uliikausha?

Mama yako