Mtoto ameniuliza kucheza Mombasa ni pesa ngapi

Nyar Alego wangu,

Oimore! Au kama unasoma asubuhi basi oyawore, yote ni salamu. Najua nimenyamaza sana, tangu tumzike mama mwezi wa tatu nimekupigia mara moja tu na hiyo mara ikakatika tukiwa bado kwa habari za watoto. Nisamehe dada. Sijakusahau hata siku moja. Nilipita kwenu wiki mbili zilizopita nikienda mazishi ya yule mwalimu mkuu wetu wa zamani, nikamkuta mzee chini ya mwembe wake, amekonda kidogo lakini sauti ni ile ile, akanifungia kuku na kunishikisha hata kabla nikatae. Mpigie simu jioni, mchana anaacha simu ndani.

Sasa kilichonifanya niandike ni huyu kitinda mimba wangu.

Jumapili jioni nilikuwa nafua uniform, akakuja na kile kikopo cha majani chai anachowekanga sarafu zake, akamwaga zote kwa sakafu, akaniambia mama hesabu. Tukahesabu. Zilikuwa shilingi 85. Akaniangalia akauliza, mama, hii inatosha bembea ya Mombasa?

Nyar Alego, nilikosa cha kusema. Unakumbuka ile safari ya mwaka juzi, ile siku mlikuwa mmeenda Mtwapa na Baba Pili mkatuacha tuzunguke wenyewe? Sijawahi kukuambia vizuri yaliyotokea. Tuliingia sehemu moja ya watoto, imezungushiwa ukuta, kuna bembea na yale majumba ya kupuliza hewa, nikalipa 150 kila mtoto kwa nusu saa nikijua nusu saa ni nyingi. Na wewe unajua watoto, dakika kumi za kwanza mtu anaogopa, kumi zingine anapanga laini, ile anaanza kufurahia ndio kijana wa pale anakuja anashika bembea kwa mkono, mtoto akiwa bado hewani, anasema huyu wake umeisha. Simlaumu huyo kijana, alikuwa kazini. Lakini mtoto alikuwa na miaka minne na alichobeba kichwani kutoka Mombasa sio bahari, ni kwamba kucheza kuna bei na bei ikiisha unateremshwa. Miaka miwili amekuwa akiweka sarafu na mimi nikidhani anataka mpira.

Nimelifikiria hili jambo mpaka usingizi umepotea. Mimi hawa wa PP1, wale wa chekechea, nashinda nao kila siku, mtoto ukimpa mchanga na maji na kikopo kilichotoboka anajifunza mambo ambayo mimi kwa ubao siwezi kumfunza mwezi mzima. Hata ile Sheria ya Watoto ya 2022 imesema mtoto ana haki ya kucheza na kupumzika. Kwa hivyo nimeamua hii Desemba tukikuja, watoto wote watano (wangu wawili, mapacha wa shemeji, na yule wa marehemu dada yangu), hakuna mahali tutaingia pa kulipia mchezo. Sio kwamba pesa ni chache tu, ingawa ni chache kweli, nauli peke yake inatumaliza. Kisumu mpaka Nairobi tutapanda basi la usiku, halafu treni, na si unajua tiketi ya kawaida ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 mwanzo wa 2024, shukuru Mungu watoto chini ya miaka 12 ni nusu. Lakini hata ningekuwa nazo singelipa. Nataka yule mtoto acheze mpaka achoke mwenyewe, aseme mwenyewe mama twende nyumbani.

Kwa hivyo nimeanza kupanga, niambie kama napanga vizuri.

Siku ya kwanza nataka Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Ile mara nilipaona kwa haraka tu, tulikula mihogo ya kukaanga ile ya ndimu na pilipili tukaondoka. Tangu wapatengeneze 2019, ile Mashujaa Dei ilifanyiwa pale, naskia ni ekari 26 na serikali ilimwaga milioni 460, ekari 26 ni watoto wangapi wanaweza kukimbia bila kugongana! Na ile mibuyu mikubwa, mapacha hawajawahi kuona mbuyu, watano wakishikana mikono sijui kama watauzunguka mmoja. Halafu meli. Ule mlango wa bandari meli inapita karibu mpaka unasoma jina lake, mtoto wa Kisumu amezoea mitumbwi ya Dunga, akiona meli imebeba makontena kama nyumba za gorofa atasahau hata kula. Kinachonitia wasiwasi ni kule kwa mawe, chini ni bahari tupu sio ufuo, na mapacha wanapanda kila kitu. Tutaenda kuanzia saa kumi jua likianza kupoa, kaskazi ikivuma, maana Desemba yenu ile joto ya mchana si ya mtoto kukimbia.

Siku nyingine tupande feri ya Likoni. Nacheka nikiandika lakini ni ukweli, mtu wa miguu halipi, tunaenda tunarudi hata mara tatu, kwa mtoto hiyo ni safari ya baharini kamili. Nitawafunga mikono na leso kama ndizi, ule msongamano wa kushuka saa za kazi nauogopa, kwa hivyo tuende saa nne hivi, watu wakiwa wamepungua.

Halafu Pirates, na hapa ndio nahitaji wewe. Hiyo beach ni ya umma, jina lake lenyewe ni Jomo Kenyatta Public Beach, na mimi naona hakuna uwanja wa watoto Kenya hii unaoushinda. Maji yakipwa inabaki ile mchanga ngumu, pana, tambarare, unaweza kuweka magoli manne na bado kuna nafasi ya wale wa kuchimba mashimo. Lakini mimi ni mtu wa ziwa dada, ziwa letu linakaa pale pale asubuhi na jioni, hii habari ya maji kwenda na kurudi bado inanichanganya. Ile mara tulifika maji yamejaa mpaka juu tukakaa tukiyaangalia. Baba Pili alinieleza kwamba yanapwa kama masaa sita, yanajaa kama masaa sita, na kila siku saa inasonga mbele kama dakika 50, na mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanaenda mbali kabisa lakini yakirudi yanarudi juu sana. Sasa mwambie yule mjomba wake mvuvi aniangalizie, kati ya tarehe 10 na 20 Desemba ni siku gani maji yatakuwa yamepwa asubuhi kati ya saa mbili na saa tano. Hiyo ndio siku yetu. Tarehe 25 na 26 hata usiniambie, watu wanakuwa kama siafu na watoto wanapotea, sisi tutakuwa tumesharudi. Na bado kila mmoja nitamwandikia namba yangu kwa mkono na kalamu ya wino.

Ile ya ngamia na farasi na maboya ya kukodisha nitawaambia mapema wanaangalia tu kwa macho. Hapo ndio mtihani. Lakini nina mpango, nitabeba mpira, ndoo mbili za Kimbo na kamba ya kuruka, mtoto aliye na kazi ya kufanya haoni ngamia.

Na kuna kitu kingine kinaniuma, niseme tu. Ile njia ndogo ya kuteremka baharini tuliyopitanga zamani tukija kwako ukiwa bado hujaolewa, nilikuta imewekwa geti na askari anauliza tunaenda kwa nani. Tunaenda kwa bahari! Katiba yenyewe kwa kifungu cha 62 imesema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, yaani pale mtoto anachimba shimo ni pake kama pangu na pako. Lakini faida gani mchanga ukiwa wa umma na njia ya kuufikia imefungwa? Hapa kwetu nako uwanja nyuma ya estate si unaukumbuka, ule wa miti ya jakaranda, umezungushiwa mabati tangu Februari na hakuna anayesema unajengwa nini. Watoto wanacheza barabarani kati ya boda boda. Kwa ziwa nako huwezi kuwaachilia, kuna viboko na kuna kichocho. Imebaki tu ule uwanja wa Jomo Kenyatta hapa Kisumu mjini, tangu ule mkutano wa miji wa Africities wa 2022 uko sawa, Jumamosi nawapeleka, lakini kutoka kwetu ni matatu mbili na watoto ni watano.

Ndio maana hii Mombasa nimeishikilia hivi. Sio starehe.

Sasa nijibu haya na usinitumie emoji peke yake. Mama Ngina bado mtu anaingia bure hata wikendi? Choo kiko wazi, na maji ya kunawa? Ile bustani ya Uhuru Gardens pale karibu na pembe za ndovu, wanaruhusu watoto kukimbia kwa nyasi ama askari anafukuza? Kutoka kwako Kisauni mpaka Pirates tunaweza kutembea na watoto asubuhi ama ni tuktuk? Na wewe utapata likizo, ama utatuachia funguo tena? Pili anakuja na sisi? Nikubebee omena na nini kingine?

Yule bwana ameweka kikopo kando ya kitanda, anasema anaongeza ifike mia mbili. Sijamwambia kitu bado, naogopa kuahidi nisichokiona. Kwa hivyo swali kubwa ni hili, na kama unaweza pita hapo kesho ukitoka kazini uangalie na macho yako: pale Mama Ngina kuna bembea, nzima, minyororo haijakatika, na hakuna mtu amesimama kando na saa?

Ni mimi,
Nyar Seme