Kioko, kuhusu ule ugali niliokunyima

Mwanangu Kioko,

Cherehani nimeifunika, mama yako na wewe mmelala. Saa nane nitaamka kukupima sukari. Kuna neno nalizungusha mdomoni tangu mwezi wa nane, na kila tukikaa ana kwa ana linanikwama. Acha leo liende kwa karatasi.

Baba yako ni fundi nguo, na kiuno chako kilinipa habari kabla ya daktari. Januari nilikushonea kaptura ya shule ya inchi 25. Kufika mwezi wa tano ilikuwa inakuvuka, nikaipunguza nikidhani unarefuka. Ulikuwa unamaliza jagi la maji na bado una kiu, usiku unaamka kukojoa mara nne. Zahanati ya kwanza walikupa dawa ya malaria. Siku ya tatu ukaanza kutapika na kuhema kwa nguvu, pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini mashine ya kupima sukari ilisoma 31, juu mno. Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba kinga ya mwili wako imeshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Si chai ya sukari iliyokuletea kisukari hiki, si mama yako, na si wewe. Ukisahau yote niliyoandika, hilo usilisahau.

Tuliporudi hapa Kayole kila jirani alikuwa na dawa yake. Nilizikataa zote isipokuwa moja, kwa sababu ilikuwa na mantiki: kama wanga ndio unaopandisha sukari, ondoa wanga. Usiku nikasoma kwenye simu. Mwaka 2018 jarida la Pediatrics la Marekani lilitoa uchunguzi wa watu 316, watoto wakiwemo, waliokuwa wakila wanga kidogo sana, wastani wa gramu 36 hivi kwa siku. HbA1c yao, ile sukari ya wastani wa miezi mitatu, ilikuwa asilimia 5.67, karibu sawa na ya mtu asiye na kisukari. Nililia kwa furaha. Sikukaa na maelezo mengine: kwamba watu hao walikuwa wa kundi moja lililojitolea kujibu maswali, na kwamba watafiti wenyewe walisema majaribio zaidi yanahitajika.

Nikaamuru. Ugali ukatoka mezani, chapati zikatoka, ndizi zikatoka, hata muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa aliyotuma Susu, nyanya yako, kutoka Machakos, nikawapa majirani. Wewe ukala mayai, omena, sukuma wiki na parachichi. Namba zilitulia kweli, sitakuficha. Lakini sikuwauliza watu wa kliniki, na insulini niliendelea kukudunga ile ile ya mlo wenye ugali. Usiku wa siku ya tisa nilikukuta umelowa jasho, unatetemeka, sukari imeshuka hadi 2.6. Vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji vilikurudisha. Mikono yangu haikutulia mpaka asubuhi.

Hata hapo sikuacha. Niliacha siku niliyokuta kipande cha chapati ndani ya mkoba wako, kimefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu. Sukari ilikuwa 19 na ulikuwa umeniapia hujala kitu. Nilikugombeza mbele ya dada yako. Kioko, ulikuwa na njaa. Mtoto wangu alikuwa anaiba chakula kwa sababu yangu. Nisamehe.

Kesho yake nilikupima kiuno, nikakuta tangu nikukataze wanga kimepungua inchi nzima.

Yule mama wa lishe kliniki alinisikiliza bila kunikemea. Alisema mtoto anayekua wanamshauri apate karibu nusu ya nguvu zake kutoka kwa wanga, na kwamba ukiukata sana anaweza kudumaa, kuanza kuogopa chakula, na mafuta kwenye damu yanaweza kupanda. Akaniambia pia kuhusu ketoni, zile asidi mwili unazotengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari, kwamba mtoto mwenye kisukari cha aina hii akitapika huwa zinapimwa hata kama sukari haijapanda sana. Familia inayotaka kupunguza wanga haifukuzwi, ila hufanya hivyo na daktari wake, na dozi hubadilishwa.

Halafu akanisimulia zamani. Kabla ya insulini, kuwanyima watoto wanga, na mara nyingi chakula chote, ndiyo ilikuwa tiba iliyobaki. Waliongezewa miezi, pengine miaka michache, wakabaki mifupa. Leonard Thompson alikuwa na miaka 14 na kilo 29 tu alipodungwa insulini huko Toronto, Januari 1922. Nilifikiria kaptura yake ingekuwa ya inchi ngapi. Insulini ilipatikana ili mtoto kama yule ale, nami nilikuwa nakudunga huku nakurudisha kulekule.

Sasa tunahesabu. Chapati ya mama yako tumeipima, gramu 40 za wanga. Daktari amekuanzishia yuniti moja kwa kila gramu 15, unadunga kama dakika 15 kabla ya kula. Soda haitarudi, isipokuwa sukari ikishuka. Chai tunakunywa bila sukari sote, hata mimi, na ugali unakaa pembeni ya mboga nyingi badala ya kuufunika. Na ukila kitu nje, niambie tu ni kiasi gani. Sitauliza kwa nini.

Jumamosi tunaenda Machakos. Susu ameshaniambia muthokoi uko jikoni, nami nimeweka mizani kwenye begi.

Kaptura mpya iko juu ya kiti. Nimeikata inchi 26, na ndani ya pindo nimeacha kitambaa cha kuachilia ukirefuka.

Baba yako