Kwenu wapiga vinanda wa mpakani: imbeni mnapopiga

Wanangu wa Malaba, Busia na Tororo, hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, ninyi mnaokaa nyuma ya vinanda vya makanisa yetu kila Jumapili, Wakatoliki kwa Waanglikana, pamoja na wale wachache wa makanisa ya kilokole mnaoniita "mzee wa solfa", yaani wa do-re-mi, nikishageuka mgongo.

Salamu kwenu. Mlinialika semina yenu nikakubali, kisha kifua kikanigomea. Nimekatazwa kupanda boda asubuhi ya baridi. Basi naandika, tena naandika wazi, ili walimu wa kwaya na wajumbe wa halmashauri za parokia nao wasome, maana yao yamo humu.

Nianze na lililoniudhi. Juzi juzi tulikwenda kumzika mama mmoja kigangoni. Umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ilivutwa kamba mpaka mvutaji akakaa chini. Pembeni pale kanisani kipo kinanda cha kukanyaga cha zamani, kizima kabisa. Mmoja wenu, simtaji, naye anajijua, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu vilivyowahi kuwa, alikaa akapiga kodi mbili, akainuka. Akaniinamia sikioni: "Mzee, hiki hakina transipozi." Wimbo ulikuwa na flati tatu, yaani unadai vibao vyeusi vingi. Yeye nyimbo zote duniani anazipiga kwa C, halafu anabonyeza kitufe, mashine inampandishia au kumshushia. Kinanda cha kukanyaga hakina kitufe. Mama yule tulimzika kwa sauti tupu.

Sikumkemea pale, msiba si mahali pake. Wala sisemi kitufe kile ni dhambi. Kumhamishia mwimbaji kii, yaani kumpandishia au kumshushia wimbo mzima, ni kazi yetu tangu zamani. Misa ya saa moja asubuhi watu wametoka kitandani, makoo yamelala, wengine hawajanywa hata chai. Ukiwapeleka juu ya re ya juu utawasikia wakinyamaza mmoja mmoja, wanaume kwanza. Wimbo uleule katika misa ya saa nne unaweza kuupandisha nusu hatua, wakakushukuru. Ninachouliza ni kama ulihamisha kwa sababu umesikia makoo ya watu, au kwa sababu unaogopa vibao vyeusi. Anayeogopa ajifunze kii moja kila mwezi, G kwanza, kisha F, kisha D. Kabla mwaka haujaisha hatakuwa mtumwa wa kitufe.

Mimi nilizaliwa kwenye landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Tororo. Baba alikuwa fundi wa Reli ya Afrika Mashariki, na Kiswahili hiki ni cha landhi ile, mlango huu Mteso, ule Mjaluo, wa tatu Mkamba. Nilianza kukanyaga kinanda nikiwa mtoto, miguu haifiki vizuri, misa ingali ya Kilatini. Halafu ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati yake ya liturujia ya Desemba 1963 iliheshimu kinanda cha mabomba, na papo hapo ikavifungulia mlango vyombo vingine vinavyofaa ibada. Ngoma zikaingia kanisani. Wazee fulani walilia, wengine walicheza. Mimi nilifurahi, mpaka nilipogundua kwamba mpiga ngoma hanisikilizi. Na kusema kweli, mimi pia sikuwa namsikiliza mtu.

Hapo ndipo kilipo kisa ambacho sijawahi kukisimulia hadharani. Nilikuwa kijana wa kujivuna, parokia ninayoificha. Niliahidiwa posho kidogo ya kila mwezi, nikazungushwa miezi minne. Nikaamua nitawakomoa Krismasi. Mkesha nikavaa suti yangu, nikaenda, lakini sikuingia. Nikasimama nje chini ya mwembe nisikie wakihangaika. Wanangu, hawakuhangaika. Mama mmoja alianzisha wimbo wa mwanzo, wakamfuata, na waliimba kuliko walivyowahi kuimba nikiwa ndani. Walikuwa wakifika mwisho wa mstari wanavuta pumzi, wote pamoja, kama mtu mmoja, ndipo wanaingia mstari unaofuata. Nilisimama nikihesabu. Pumzi ile ilikuwa ndefu kuliko nafasi niliyokuwa nikiwapa miaka yote. Nilikuwa nawakimbiza kwa sababu mimi sivuti pumzi kwa vidole.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, mengine yote yanatoka humo. Imba unapopiga. Si kwenye maikrofoni, Mungu atunusuru. Imba maneno, kimoyomoyo au kwa sauti ndogo, beti zote, na pale unapohitaji hewa, inua mikono. Utashangaa. Utaacha kujaza kila upenyo kwa vile vidoido vya mkono wa kulia. Utajua kwa nini ubeti wa toba haupigwi kama ubeti wa shangwe ingawa noti ni zilezile.

Ninyi wa Malaba mna mtihani ambao wengine hawana. Jumapili ile foleni ya malori ikiwa ndefu, kanisa lenu linajaa madereva. Yuko wa Mombasa, yuko wa Tanzania, yuko wa Kongo, na kila mmoja anaujua wimbo uleule kwa mwendo wa kwao. Mkongo anauvuta, Mtanzania anauimba kama alivyofundishwa na mwalimu wa kwaya mwenye fimbo. Mwendo hamtaupata kwa kuongeza sauti ya spika. Pigeni mstari wa kwanza peke yake, wazi, kwa mwendo mnaoutaka, mkiuimba moyoni, kisha msiyumbe. Watu watakuja.

Na wale mnaoitwa kusaidia hija ya Mashahidi wa Uganda, Namugongo, tarehe 3 Juni, zamu ya jimbo inapofika, kumbukeni kwamba sauti ina miguu. Inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Aliye mita 100 kutoka kwenye spika anakusikia karibu theluthi ya sekunde baadaye, anaitika, na wimbo wake unachukua theluthi nyingine kukurudia. Ukimngoja, umechelewa. Ukichelewa naye anachelewa, na kufika ubeti wa tatu wimbo umekufa barabarani. Mahali kama pale usiwafuate walio mbali. Mtazame mwongoza kwaya mkono, imba, songa mbele.

Kuna kijana mwenzenu wa zamani, mtunzi na mpiga kinanda Johann Sebastian Bach, ambaye vitabu vyake mnaviogopa bure. Mwaka 1705, akiwa na miaka 20 tu na kazi ya kinanda kanisani Arnstadt, Ujerumani, aliomba ruhusa ya wiki nne akamsikilize Buxtehude, mpiga kinanda mashuhuri, mjini Lübeck. Ni mwendo wa kilomita kama 400, sawa na kutoka hapa Tororo mpaka Kampala na kurudi, na husimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu. Alikaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakubwa wa kanisa walimweka kikaango: umekaa wapi, na hizi sauti ngeni unazochanganya ndani ya nyimbo zinawapoteza waumini. Alipoambiwa anapiga utangulizi mrefu mno, akaanza kupiga mfupi mno. Nacheka kila nikikumbuka, maana tabia hiyo naiona huko Busia. Ila na yeye aliambiwa ukweli. Waumini wakipotea, kosa si lao.

Sasa vyombo. Hapa mniruhusu nikae kidogo.

Kinanda chochote kile, adui wake wa kwanza ni panya. Mwaka mmoja kinanda chetu cha kukanyaga kilianza kukohoa. Nikafungua ubao wa nyuma kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kiota kizuri, laini, kilichofumwa kwa vipande vya ule ukurasa wa nyimbo za Majilio niliokuwa nimeutafuta wiki nzima, na ngozi ya mvukuto imetafunwa tundu la kupitisha kidole gumba. Juu zaidi, nyigu wamejenga vyumba vya udongo. Mvukuto niliuziba kwa ngozi nyembamba ya mbuzi na gundi ya seremala, ukashika. Ndimi za shaba nilizitoa mojamoja, nikazipiga brashi kavu, na ile iliyokuwa bubu nilipitisha kipande cha karatasi chini yake. Likaanguka punje moja la vumbi, dogo kuliko ulezi. Ulimi ukaimba. Punje lile ndilo lililokuwa limeninyima noti ya sol kwa muda wa mwaka mzima, na mimi nikilaumu hali ya hewa.

Hali ya hewa ina yake, lakini si hiyo. Kwenye kinanda cha mabomba, kama kile cha kanisa kuu la Waanglikana la Namirembe, Kampala, bomba hupanda sauti hewa ikipata joto, ilhali kinanda chako cha umeme hakipandi. Ndiyo maana vyombo viwili vilivyopatana asubuhi vinagombana mchana. Ngoma nayo inataka jua ikaze ngozi. Kabla ya misa sikilizeni vyote pamoja, msingoje wimbo wa matoleo ndipo mjue.

Vya umeme ndivyo mlivyo navyo wengi, nanyi mnavitesa. Umeme ukikatika, chomoa waya, usingoje urudi kwa kishindo. Adapta ya volti 12 si lazima ikubali kinanda chako kwa sababu tu inaingia tunduni. Tazama alama ya chanya na hasi, zipo zilizogeuzwa. Kibao kikianza kupiga kelele kuliko wenzake au kunyamaza, mara nyingi ni uchafu kwenye mipira iliyo chini, kitambaa kikavu kinatosha. Na funika. Shuka ya kitanda tu. Soda na chapati za harusi mle nje.

Kuhusu posho sina mengi, na kisa cha mwembe mmekisikia. Halmashauri, kama mmeahidi, lipeni. Mtu anafanya mazoezi Jumatano na Ijumaa, Jumapili anapiga misa mbili, mchana yuko kwenye harusi anakopewa bahasha ambayo nauli ikitoka imebaki bahasha. Nanyi vijana, mazungumzo haya yawe ya Januari, kwa maandishi, mkiwa mmekaa. Msiyalete Jumamosi Kuu mkiwa mmeshika waya wa kinanda mkononi.

Halafu wasichana wako wapi? Aliyenifundisha mimi alikuwa mtawa, mwanamke, na alikuwa akinigonga vifundo kwa penseli. Leo nawaona binti zetu wamejaa sauti ya kwanza, na kinanda kimezungukwa na wavulana kama mbao za kuuzia simu. Wapisheni.

Kinanda changu cha kukanyaga kiko sebuleni hapa nyumbani, pembeni ya televisheni. Jumamosi baada ya chakula cha mchana niko. Njooni wawili wawili, wa kigangoni yule aje wa kwanza, tutaanza na wimbo wake uleule wa flati tatu. Vinanda vya umeme viacheni kwenu. Kibao cha noti ya la ya chini kimekwama tangu wiki iliyopita, na wajukuu wamenipotezea bisibisi ndogo. Mwenye nayo aje nayo.

Mzee wenu wa solfa,
Tororo