Mbadhirifu hutapanya, huyu alikusanya

Mhariri,

Mimi huuza mbegu na mbolea hapa Njoro, na redio ya dukani haizimwi hadi jioni. Juzi taarifa ya habari ilimtaja afisa aliyeshtakiwa kwa “ubadhirifu wa pesa za umma”. Mteja niliyekuwa nikimpimia maharagwe akauliza ubadhirifu ni nini hasa. Nikajibu upesi kwamba ni wizi. Mzee mmoja wa Bondeni, aliyekuwa akingoja zamu yake, akanikatiza: “La, mwanangu. Ubadhirifu ni kumwaga.”

Neno hilo, akasema, limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa badhr, yaani mbegu. Ni kutawanya mali kama arushaye mbegu bila kuangalia zinaangukia wapi. Kurani, sura ya 17, inawaita wabadhirifu ndugu wa mashetani, na mtu huingia humo hata kwa kutapanya mali yake mwenyewe. Kwa maana hiyo kijana wangu anayeacha taa zikiwaka mchana kutwa ni mbadhirifu. Hajaiba stima.

Sasa mtazame anayehamisha pesa za zahanati hadi kwenye akaunti ya shemeji yake. Ametawanya nini huyo? Amekusanya, tena kwa uangalifu kuliko mimi na mizani yangu. Sheria yetu ya Kenya ya kupambana na ufisadi, ya mwaka 2003, imeliweka kosa hilo ndani ya maana ya ufisadi, sambamba na hongo, na inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. (Ufisadi nao una vituko vyake: kwa wazee, fisadi alikuwa mzinzi, mharibu wake za watu. Angalau hilo lilibaki kuwa tusi.)

Chama chetu cha akina mama kiliwahi kupoteza akiba ya msimu mzima mikononi mwa mweka hazina. Kwa kuoneana haya, tukaandika kwenye kumbukumbu za mkutano “ubadhirifu”. Haukupita muda akanunua pikipiki ya bodaboda, huku wenzangu wakipanda mahindi ya ghalani kwa kukosa pesa za mbegu.

Basi, Mhariri, pesa zikitumiwa ovyo, andika ubadhirifu. Mtu akishtakiwa kwa kuzitia mfukoni, andika anadaiwa kuiba.

Nami Jumamosi hii nitaomba kumbukumbu zetu zirekebishwe, neno lile likatwe, iandikwe “aliiba”. Mweka hazina mwenyewe atakuwepo. Hajawahi kukosa mkutano.

Muuza mbegu,
Njoro, Nakuru